Swali la Kumi na Moja

4 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo. Mimi sijambo. Goti tu ndilo linalalamika nikipanda ngazi, na presha hupanda nikisikiliza taarifa ya habari. Na nyinyi? Yule mumeo bado anapiga mluzi akipika, au umeshamponya?

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo lenyewe ni la maana. Miaka thelathini na minne nimekagua mizani za watu madukani, na najua kwamba ukimwambia mtu kitu kwa mdomo anakisahau kabla hujavuka barabara.

Tangu Mama yako Mkubwa atutoke, na mwezi ujao unatimia mwaka, nyumba imepwaya. Nawasha redio ya jikoni na ya sebuleni, kila moja na stesheni yake, ili angalau wabishane. Wiki iliyopita fundi bomba alikuja kubadilisha koki, nikamng'ang'ania kwa maongezi mpaka akaniomba ruhusa ya kwenda kwake. Niliona aibu.

Kwa hiyo nimeamua kufuga mbwa. Si wa ulinzi, ni wa kukaa naye. Nataka labrado halisi, mbegu safi, kama yule wa jirani yetu daktari wa meno, ambaye Mama yako Mkubwa alikuwa akimsalimia kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Baba yako kaniambia mbwa wako kazaa. Basi niwekee dume mmoja, mweusi. Nitamlipia kama mtu mwingine yeyote, sitaki cha bure. Akishaacha kunyonya mpakie kwenye basi, nitampokea stendi.

Ni mimi,
Baba yako Mkubwa


13 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mume wangu naye ameisoma, akipiga mluzi. Sisi wazima kabisa. Pole na goti. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeipanga kabatini kama pambo?

Ni kweli, mbwa wangu alizaa tarehe ishirini mwezi uliopita. Vijibwa saba, wote wazima, macho yameshafunguka. Nimefurahi kwamba unamtaka mmoja. Ila nakuomba usinikasirikie kwa haya yanayofuata.

Kwanza, kijibwa wangu hapandi basi peke yake. Anayemtaka anakuja mwenyewe, anakaa nasi sakafuni, anaona mama yake anavyoishi na anavyopokea wageni, anasoma majibu ya vipimo vya nyonga na macho vya wazazi wote wawili. Kijibwa wa wiki nane hawezi kukueleza mengi. Mama yake anaweza.

Pili, hawatoki hapa kabla ya wiki nane.

Tatu, kila anayetaka hujaza karatasi hii niliyoambatanisha. Ni maswali kumi na moja. Mkuu wa shule alijaza, rubani alijaza, na baba yangu mzazi alijaza mwaka juzi nikamkatalia kwa sababu hana uzio. Mpaka leo akinipigia simu anaanza kwa kukohoa.

Swali la kumi na moja ndilo hukunjiwa uso na wengi. Mbwa huyu ataishi miaka kumi na miwili, pengine zaidi. Ukishindwa kumtunza, au ukitutoka kabla yake, nani atamchukua? Mtu huyo aandike jina lake na kutia sahihi kwa mkono wake. Usiniandike mimi. Mbwa niliyemzalisha hurudi kwangu kila kitu kikishindikana, hiyo ni ahadi yangu kwao wote, lakini nataka awe na mtu wa karibu anayemfahamu.

Nakungoja kwa hamu.

Mwanao


22 Februari

Mwanangu (kama bado ni mwanangu),

Salamu. Sijambo. Ya afya yanatosha.

Nimeijaza karatasi yako. Swali la tano, uzio na geti: ukuta wa matofali, mita moja na sentimita themanini na mbili, nimeupima pembe zote nne kwa tepu yangu ya kazini. Geti la chuma, makomeo mawili, halina kasoro. Swali la sita, nani yuko nyumbani mchana: mimi. Swali la saba, nani yuko nyumbani jioni: mimi. Swali la nane, ngazi: ziko saba, goti langu linazijua moja moja. Daktari wa mifugo yuko mtaa wa pili. Nimekwenda kujitambulisha na nikakagua mizani yake ya kupimia wanyama. Iko sawa.

Swali la kumi na moja nimeliacha wazi. Mimi ndiye niliyekushika mkono siku ile uliyogoma kuingia darasa la kwanza, nikakaa nawe kwenye dawati nimekunja magoti mpaka saa nne. Leo unaniuliza nikifa itakuwaje, tena kwenye fomu? Katika ukoo huu mkaguzi ni mmoja tu, na si wewe.

Wala usidhani wauza mbwa mmeisha. Kuna mtu kabandika tangazo kwenye ubao wa duka la dawa: labrado halisi, vyeti kamili. Nimempigia. Hakuniuliza swali hata moja.

Baba yako Mkubwa


2 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa.

Dawati lile nalikumbuka. Ulimkopesha mwalimu kalamu yako nyekundu, kisha ukasahihisha ubao wake.

Karatasi yako ni safi kuliko zote nilizowahi kupokea. Nairudisha kwa sababu ya hilo swali moja. Ningelifuta kwa ajili yako, ningewatazamaje hao wengine?

Kuhusu yule wa tangazo, sitakuzuia. Nakuomba tu usinunue kabla hujamwona mama wa kijibwa, nyumbani kwao, akiwa na watoto wake. Mtu akitaka mkutane njiani, au akisema mama yuko mbali, rudi nyumbani. Na asiyekuuliza chochote, jiulize kwa nini hajali anakokwenda mnyama wake.

Yupo dume mweusi hapa, ana doa jeupe kifuani kama tone la maziwa. Sijamwahidi mtu.

Mwanao


25 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Wiki tatu sasa kimya, na simu yako inaita mpaka inakata. Baba anasema alikuona sokoni ukiwa mzima, lakini ulipita kama mtu asiyemjua. Kama umenikasirikia, niandikie hivyo hivyo kwa hasira. Nimezoea.

Vijibwa wanne wameshakwenda makwao. Mwenye doa bado yupo, na ameanza kula viatu vya mume wangu. Mluzi umepungua.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi kwenu. Sijambo kimwili. Goti limepoa, nimeanza kutumia ile dawa.

Sikukasirika. Niliona haya, na mtu mwenye haya hapokei simu.

Nilimnunua yule wa tangazo, tarehe tisa mwezi uliopita. Tulikutana kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Najua ulichoniandikia, barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimuuliza mama yake yuko wapi, akasema yuko shamba. Kisha akanitolea vyeti. Mwanangu, vilikuwa vyeti! Karatasi nzito, mhuri wa bluu, lakiri nyekundu. Nilitoa lenzi yangu, nikaviweka juu ya boneti ya gari, nikakagua ule mhuri kwa dakika kumi. Duara limefunga, herufi hazikutapakaa, wino umekaa. Nimekamata mihuri ya uongo maisha yangu yote, huo sikuuona kasoro. Na kwa dakika zote hizo kijibwa alikuwa amelala ndani ya boksi bila kuinua kichwa, wala mimi sikumtazama. Nilikagua mhuri, sikumkagua mbwa.

Siku nne alikaa nami vizuri. Nilizima redio zote mbili. Siku ya tano akaanza kuhara damu. Daktari wa mifugo alisema ni parvo, na kwamba hakuwa na chanjo wala hizo wiki nane zilizoandikwa. Kwa meno yake alikuwa na tano. Wakamtundikia dripu. Nilikuwa nakwenda asubuhi na jioni kukaa pembeni ya kizimba chake. Siku ya kumi akafa. Sikuwa nimempa jina, nilikuwa nikimwita Wewe. Nilimzika nyuma ya jiko na nililia, na sioni sababu ya kukuficha. Namba ya yule muuzaji haipatikani tena.

Pale kwa daktari, kwenye benchi, nilipata muda mwingi wa kufikiri. Sikumfikiria yule tapeli. Nilimfikiria kaka yako.

Ukoo mzima unajua kwamba miaka tisa iliyopita niliingia dukani kwa mwanangu wa kuzaa nikaifungia mizani yake. Wengine walinisifu, mzee hana upendeleo. Yeye alifunga duka, akaenda kuwa kinyozi, na hajakanyaga kwangu ila siku ya mazishi ya mama yake, ambapo alisimama upande wa pili wa kaburi. Ila kuna jambo hamlijui. Nililiweka jiwe la kilo moja juu ya ile mizani, ikazidisha gramu kumi na tano. Springi ilikuwa imechoka, hakuna zaidi. Kwa kasoro kama hiyo sheria iliniruhusu kumpa mwenye duka siku saba atengeneze. Niliwapa watu baki siku saba kila wiki, na hata wasionisalimia niliwapa. Yeye sikumpa. Nilipiga lakiri palepale, mbele ya foleni ya wateja wake, ili watu waone.

Barua yako ya tarehe mbili nimeirudia mara nyingi. Uliniuliza ungewatazamaje hao wengine. Wewe ulinipima kwa jiwe lile lile unalompimia kila mtu, nami nikanuna. Mwanangu nilimtafutia jiwe zito zaidi.

Basi faili langu lifunge. Mwenye doa mpe mtu mwingine. Swali lako la kumi na moja sina wa kumwandika.

Baba yako Mkubwa


14 Aprili

Baba Mkubwa wangu, shikamoo, na pole sana.

Nililia pia, kwa ajili ya Wewe na kwa ajili yako. Hukuwa wa kwanza. Watu wenye akili zao hutapeliwa hivyo, kwa sababu huyo muuzaji anajua kila mtu anapenda kutazama nini. Nenda na vyeti vyako kwenye chama cha wafugaji, watafuatilia. Wewe ni shahidi ambaye kila mpelelezi angemtamani.

Sasa nisikilize kama mfugaji. Ugonjwa ule hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi. Osha nyumba nzima kwa maji ya klorini, choma boksi, matandiko na bakuli, na uani asikanyage kijibwa yeyote ambaye hajamaliza chanjo. Mwenye doa atamaliza zake katikati ya mwezi wa tano. Kwa hiyo hata ungekuja na karatasi iliyojaa leo, nisingekupa. Atakaa hapa. Faili sijalifunga.

Nawe nikuambie lilikotoka lile swali, sikuwahi kumwambia mtu. Katika uzao wa kwanza wa mbwa wangu, jike mmoja nilimuuzia mstaafu wa reli, mtu mwema, sikumuuliza chochote. Alipofariki, ndugu walifunga nyumba wakaenda kuzika mbali. Mbwa alibaki amefungwa uani siku kumi na moja. Majirani walidhani kuna mtu anamlisha. Nilipofika alikuwa bado hai, kwa maji ya mvua tu, na aliutambua mkono wangu. Ndiyo maana swali hilo silifutii mtu.

Ya kaka sitayasemea, si yangu. Ila hunyoa kwenye kibanda cha kijani nyuma ya stendi ya zamani, mwenye kiti kimoja. Kila nikipita huniuliza, huku ananoa wembe kama mtu asiyejali, "Yule mzee anakula lakini?"

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mume mwenye mluzi. Afya njema. Nyumba inanuka klorini mpaka mama muuza maziwa anapiga chafya getini.

Nimekwenda kunyoa.

Nilikaa kwenye benchi nikangoja zamu kama mteja yeyote, nyuma ya wanaume wawili. Aliniona kwenye kioo. Mkono ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Zamu yangu ilipofika akanifunga kitambaa shingoni, akaniuliza, "Mtindo gani, mzee?" Unajua nimebakiwa na nywele ngapi. Nikamwambia achague. Alinyoa taratibu kuliko zilivyostahili zile nywele chache.

Alipokuwa nyuma yangu, ambako sikumwona uso, ndipo nilipoweza kusema. Nikamwambia, "Siku ile ningempa mtu baki siku saba. Wewe sikukupa. Nilikosea, na nilijua nakosea." Mashine iliendelea kunguruma. Mteja kwenye benchi alijifanya anasoma kalenda ukutani. Kaka yako akanipangusa shingo, akanifungua kitambaa, akasema, "Rudi baada ya wiki mbili, pembeni zitakuwa zimeota."

Hazitakuwa zimeota, mwanangu. Yeye anajua na mimi najua.

Karatasi yako ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Sikutaka adhani nilikwenda kwa ajili ya sahihi.

Baba yako Mkubwa


19 Mei

Shikamoo Baba Mkubwa.

Barua yako imebandikwa mlangoni pa jokofu, na mume wangu huisoma kila anapochukua mayai. Sisi wazima. Mwenye doa kamaliza chanjo juzi, hakulia hata kidogo, alijaribu kumlamba daktari. Ana kilo kumi na tatu. Usiniulize kwa mizani gani.

Wiki mbili zimepita tangu uninyamazie. Je, ulirudi? Na karatasi je? Sikusukumi. Mama wa mkuu wa shule anamtaka huyu huyu, nimemwambia asubiri mpaka katikati ya mwezi wa sita. Baada ya hapo sitamzuia, maana naye kajaza vizuri.

Kama unaogopa kumuomba, mwambie ukweli tu: unataka mbwa, na fomu ya mwanao ni korofi.

Mwanao


4 Juni

Mwanangu,

Salamu kwenu kutoka kwetu. Hatujambo.

Nilirudi kunyoa mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua. Mara ya pili nilimwambia ulivyonielekeza, neno kwa neno, nikaiweka karatasi juu ya meza kati ya vitana. Aliisoma yote, tangu swali la kwanza, huku mteja akimngoja, kanyolewa nusu ya kichwa. Kisha akaikunja akaitia mfukoni. "Sitii sahihi kitu ambacho sijakiona," akasema. Nilimtazama. Hiyo kauli ni yangu, mwanangu, ameikulia.

Jumapili akaja. Alikuja na tepu yake. Hakuingia ndani kwanza, alizunguka ukuta wote, akahesabu ngazi, akafungua na kufunga komeo. Akasimama nyuma ya jiko, pale nilipomzika Wewe. Halafu akalala kifudifudi mbele ya geti, na shati lake jeupe, mpaka daktari wa meno akatoka akidhani mtu kaanguka.

Karatasi hii hapa. Swali la kumi na moja lina jina na sahihi, na mwandiko huo unaufahamu. Jumamosi ya tarehe kumi na tano tutakuja wawili kumwona mama wa mwenye doa, nyumbani kwao, kama inavyotakiwa.

Lakini soma kwanza swali la tano, pale nilipoandika kwamba geti halina kasoro. Amepiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, akaandika pembeni: "Pengo chini ya geti, sentimita kumi na moja. Kijibwa anapita. Mwenye nyumba amepewa siku saba."

Niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Yeye alikuwa anajikung'uta vumbi magotini, hanitazami. Nikamwambia nitaziba. Akasema, "Nitarudi kukagua."

Nimeliziba siku ile ile, alipokata kona tu. Usimwambie. Nataka aje akague.

Baba yako Mkubwa